Shajara ya mradi: paka aliyenyang'anywa kipanya, na riwaya-picha yetu inavyohamia kwenye konsoli

Wiki ya 1

Mchezo tunaouhamisha ni riwaya-picha ya kuchekesha ambayo hadi sasa imekuwa ikichezwa kwenye kompyuta pekee; sasa tunaipeleka kwenye konsoli, yaani mashine za gemu zinazochezwa kwa kidhibiti cha mkononi. Msomaji huona mandhari iliyochorwa, wahusika wakiwa wamesimama mbele yake na maneno yao yakitokea katika kisanduku cha chini, kisha kila baada ya muda huombwa achague njia. Mhusika mkuu ni Mwanaidi, mwanafunzi wa kidato cha pili mjini Tanga, aliyeachiwa na bibi yake sanduku la kanga. Akijitanda mojawapo, akasoma jina lake kwa sauti na kumalizia kwa neno "Ng'ara!", hugeuka na kupata nguvu inayotokana na methali iliyoandikwa pale. Akivaa "Wema hauozi", wali uliochacha hurudi kuwa mzuri. Akivaa "Mgeni njoo mwenyeji apone", adui hujikuta ameketi sebuleni akikaribishwa chai. Adui mwenyewe ni jini mvivu anayeiba vitu vidogo vidogo: vifuniko vya sufuria, rimoti, na kandambili za mguu wa kushoto. Msaidizi wa Mwanaidi ni paka anayesema, jina lake Chumvi.

Kabla ya kugusa msimbo tulibishana siku nzima kuhusu maelezo ya dukani. Aina hii ya hadithi ilizaliwa Japani, ambako wasichana wenye nguvu za ajabu wamekuwa wakionekana kwenye katuni za runinga tangu 1966, na neno la Kijapani mahō halibebi shutuma ambazo neno uchawi linazibeba kwetu. Mtu akisoma "msichana mchawi" atatazamia ungo unaoruka na usiku wa manane, si kichekesho cha kandambili. Tumeamua kuandika "binti wa mazingaombwe", kwa kuwa mazingaombwe ni yale ya shuleni, ya bwana anayefika na sanduku lake, akatoa njiwa kwenye kitambaa na kuwaacha wanafunzi wakicheka hadi kengele ya mwisho.

Upande wa ufundi, mchezo uliundwa kwa Ren'Py, injini (programu ya kuundia michezo) iliyotolewa mara ya kwanza 2004 na ambayo jina lake limeunganisha neno la Kijapani ren'ai, yaani mapenzi, na lugha ya msimbo ya Python. Ren'Py inatoa matoleo ya Windows, Mac, Linux, Android na iOS, lakini konsoli hazimo katika orodha yake, kwa sababu watengenezaji wa konsoli huwapa zana zao watu waliosajiliwa tu na waliotia saini mkataba wa usiri. Kwa mkataba huohuo, shajara hii haitasema lolote kuhusu zana hizo zaidi ya yale yanayojulikana na kila mtu. Tumeamua kuiacha hati ya hadithi kama ilivyo na kuandika programu ndogo inayoisoma mstari kwa mstari na kuionyesha ndani ya injini nyingine inayokubalika kwenye konsoli. Nilidhani ni kazi ya siku nne. Wiki imekwisha, na kwenye skrini tuna mandhari moja, paka mmoja na kisanduku kisicho na maneno.

Wiki ya 2

Maneno yameonekana, na papo hapo tumegundua kwamba kichekesho chetu bora kimekufa.

Katika sura ya kwanza ya toleo la kompyuta, Chumvi anakatiza mazungumzo, anaukodolea macho mshale wa skrini, kisha anaanza kuufukuza kila msomaji anapousogeza. Mwanaidi anamuuliza anafukuza nini, naye anajibu kwamba amesikia mwenye kompyuta ana kipanya. Baada ya hapo unafuata ubishi mrefu kama kipanya hicho ni cha mezani au ni kile cha barabarani, ile daladala ndogo inayojaza abiria hadi mlangoni. Wasomaji wengi walituandikia kuhusu ukurasa huo kuliko sehemu nyingine yoyote. Kwenye konsoli hakuna mshale wala kipanya; kuna vitufe na kijiti, na paka aliyebaki anakodolea macho mahali patupu.

Mwenzetu anayeandika hati alipendekeza tuchore mshale wa bandia. Tuliujaribu, na ukawa kama mzaha unaofafanuliwa na msimuliaji wake mwenyewe. Wazo lililoshika lilitoka kwa mchoraji, ambaye hana uzoefu wowote na msimbo: kidhibiti kina mtetemo, na paka akiridhika hukoroma. Sasa Chumvi anatafuta kipanya, hakipati, anakasirika, anamwambia msomaji, "Wewe huna hata kipanya? Basi nishike vizuri," kisha anajikunja chini ya skrini na kidhibiti kinaanza kukoroma polepole mikononi mwa msomaji. Ubishi wa daladala tumeubakiza, ila sasa Chumvi anaulizia kipanya ambacho hakuna aliyewahi kukiona, na kwa maoni yangu umenoga zaidi.

Kuna tahadhari moja. Wapo wanaozima mtetemo, na wapo wanaoweka konsoli mezani na kidhibiti pembeni, kwa hiyo mstari wa maneno lazima uchekeshe wenyewe na mtetemo uwe nyongeza tu. Tumeandika upya mistari sita kwa ajili hiyo.

Wiki ya 3 na ya 4

Wiki mbili za herufi. Picha zetu zilichorwa kwa vipimo vya pikseli (nukta za skrini) 1280 kwa 720, ambavyo ndivyo vipimo vya skrini ya Nintendo Switch ya mwaka 2017 inaposhikwa mkononi, kwa hiyo tulifikiri tumeokoka. Tatizo ni kwamba skrini hiyo ina upana wa inchi 6.2 kutoka pembe hadi pembe. Herufi zetu za pikseli 22, zilizokuwa nzuri kwenye kompyuta ya mezani, pale zinakuwa na nafasi ya milimita mbili na kidogo kwenda juu, na konsoli hiyohiyo ikiunganishwa na runinga, msomaji yuko kwenye kochi, hatua nne mbali. Tumepandisha hadi pikseli 34.

Kupandisha herufi kumepunguza maneno katika kila mstari, na Kiswahili hakina huruma kwa kisanduku chembamba. Neno kama "wasingalitukaribisha" ni sentensi nzima katika lugha nyingine, nalo likikosa nafasi mwishoni mwa mstari huhamia chini lote na kuacha pengo kama jino lililong'oka. Tulifikiria kuyakata maneno kwa kistari, lakini mtu anayesoma kwa sauti mbele ya wadogo zake hatakiwi kujikwaa katikati ya kitenzi. Badala yake mwandishi wa hati amepitia kila ukurasa uliofurika, akaugawa mara mbili au akaufupisha. Hapo ndipo nilipoelewa kwa nini alikuwa akinung'unika: mzaha mwingi umejengwa juu ya mahali ukurasa unapokatika. Jini anaposema, "Sijaiba kandambili," kisha msomaji abonyeze, kisha aongeze, "nimeiba moja tu," lile bonyezo la katikati ndilo linalochekesha. Sentensi zote mbili zikikaa ukurasa mmoja, jicho huufikia mwisho kabla ya wakati na hakuna anayecheka. Kwa hiyo kila mgawanyo mpya umeamuliwa na mtu aliyesoma kwa sauti, si na programu.

Kosa lililotuaibisha zaidi lilikuwa langu. Kanuni niliyoandika ya kukata mistari iliihesabu alama ya ritifaa kuwa ni alama ya kufunga nukuu, na ikaona ni halali kuanza mstari mpya baada yake. Matokeo yake, katika kilele cha sura ya pili, baada ya ngoma kupanda na taa kuzimika, Mwanaidi alinyoosha mkono juu na kutamka "Ng'", akanyamaza, kisha mstari wa chini ukasema "ara!". Sasa ritifaa iliyo kati ya herufi mbili haikatwi kamwe. Ng'ombe wa sura ya tano naye amepona.

Kabla sijasahau, kulikuwa pia na suala la kanga zenyewe. Jina la kanga hukaa upande wa chini wa mji, yaani sehemu ya katikati ya kanga, juu kidogo ya pindo, na mchoraji aliheshimu desturi hiyo katika kila picha. Kisanduku cha maneno kilipokua, kiliyafunika majina yote, na runinga nyingine zikakata hata pindo, kwa kuwa hupenda kuvuta picha nje kidogo ya kingo zake. Methali ndiyo nguvu ya mchezo, na haikusomeka. Mchoraji alikataa kata kata kulipandisha jina hadi katikati ya kitambaa, akisema hakuna mwanamke wa pwani atakayeikubali kanga hiyo. Amekuwa sahihi. Tumekifanya kisanduku kijifiche kwa sekunde mbili kila kanga inapotandazwa, na picha nzima tumeipunguza ili iache ukingo wa asilimia tano kila upande.

Wiki ya 5

Mchezo ulianza kuchelewa. Haukuwa ucheleweshaji wa kutisha, ni kama nusu sekunde kati ya bonyezo na sura mpya ya mhusika, lakini nusu sekunde ndiyo urefu wa mizaha yetu mingi. Chumvi anatakiwa abadili uso mara tu jini anapomaliza kusema. Akichelewa, anaonekana kama paka asiyesikia vizuri.

Chanzo kilikuwa jambo ambalo Ren'Py hulifanya kimyakimya na sisi hatukuwahi kulishukuru: huitazama hati mbele kidogo, ikakisia picha zitakazohitajika, na kuzipakia mapema msomaji akiwa bado anasoma. Programu yetu ndogo ilikuwa ikisubiri iombwe. Nimeiandikia uwezo huo wa kutazama mbele kwa mistari 20, na mahali njia zinapogawanyika inapakia picha za kwanza za kila njia.

Sambamba na hilo, picha zenyewe zilikuwa nzito. Mandhari moja ya 1280 kwa 720, isipobanwa, hula takriban megabaiti 3.7 za kumbukumbu, kwa sababu kila pikseli huchukua baiti nne. Tumezibana kwa mfumo wa ASTC, unaokata picha katika vipande vidogo na kuvipa kila kimoja baiti 16. Vipande vya 4 kwa 4 hufanya picha iwe robo ya uzito wake; vipande vya 6 kwa 6 huipunguza zaidi ya nusu tena. Kwa mawingu, bahari na kuta za chokaa, 6 kwa 6 haionekani tofauti. Kwa kanga haifai hata kidogo: vidoti na korosho za pindo ziligeuka uji. Kanga zote zimebaki 4 kwa 4, na sioni haja ya kuomba radhi kwa nafasi zinazochukua.

Wiki ya 6

Kuhifadhi mchezo. Programu ilikuwa ikihifadhi nambari ya mstari aliofikia msomaji. Mwandishi alipoongeza mistari mitatu kwenye sura ya kwanza, kila aliyekuwa amehifadhi alirudi mistari mitatu nyuma ya alipoishia. Tumeiga utaratibu wa tafsiri wa Ren'Py, ambao huupa kila mstari kitambulisho kinachotokana na maneno yake. Kurudi nyuma kwa gurudumu la kipanya kumeondoka, na nafasi yake imechukuliwa na kumbukumbu ya mazungumzo inayofunguliwa kwa kitufe kimoja.

Wiki ya 7

Wiki hii imekuwa ya onyesho la kugeuka, ambalo kila mpenzi wa hadithi hizi hulisubiri. Katika toleo la kompyuta lilidumu sekunde 14, ngoma ikipigwa na skrini ikimeta nyeupe kwa kila mpigo, yaani mara sita kwa sekunde. Kwenye dirisha dogo la kompyuta lilipendeza. Tulipoliona kwenye runinga ya inchi 43 ndani ya chumba chenye giza, mchoraji alifunika macho.

Jambo hili lina historia isiyochekesha. Tarehe 16 Desemba 1997, kipindi kimoja cha katuni ya Pokémon kilichorushwa nchini Japani kilikuwa na mmeto wa haraka wa rangi nyekundu na buluu uliodumu sekunde chache, na watoto wapatao 685 walipelekwa hospitalini, wengine wakiwa na degedege. Baada ya hapo vituo vya runinga vya Japani viliweka kanuni, na kiwango kinachofuatwa na wengi hadi leo ni kwamba mmeto usizidi mara tatu kwa sekunde, na nyekundu iliyokolea iepukwe zaidi ya rangi nyingine. Mchezo wetu unalenga familia iliyokaa pamoja mbele ya skrini kubwa. Hatukuhitaji kujadili.

Tumeuhamisha mpigo kutoka kwenye mwanga na kuuacha kwenye sauti peke yake. Kinachoonekana sasa ni kanga inayopita skrini nzima kutoka kushoto kwenda kulia, kila mpigo ikifichua sehemu mpya ya vazi, na mwangaza ukipanda taratibu mara moja tu mwishoni. Nakiri onyesho jipya ni zuri kuliko la zamani, kwa sababu lile la zamani lilitegemea mmeto kuficha kwamba hatukuwa na michoro ya kutosha.

Palikuwa na swali la pili: je, msomaji aruhusiwe kuliruka? Kwenye katuni za Japani onyesho hili huchorwa mara moja na kurudiwa kila kipindi, na watengenezaji wenyewe huuita mchoro wa kurudiwa "banku", kama akiba inayotolewa benki. Sisi tumeufanya urudiaji huo kuwa mzaha: mara ya tatu jini anavuta kiti, anaagiza kahawa na kashata, na kusubiri. Tukiruhusu kuruka, kahawa inapotea. Tukikataza, tunamchosha anayecheza kwa mara ya pili. Suluhisho ni kwamba kushikilia kitufe kwa sekunde moja hulikatisha onyesho, lakini katika sura ya tatu jini analalamika: "Mbona umekatisha? Kahawa yangu bado ya moto."

Wiki ya 8

Kwa idhini ya mwenye kibanda, tulipeleka mchezo katika kibanda kimoja cha gemu huko Ngamiani, Tanga. Mashine ya majaribio ya konsoli hairuhusiwi kutoka nje, hivyo tulitumia kompyuta ya mkononi, runinga ya kibanda na kidhibiti cha kawaida. Vijana wa pale wamezoea mpira; wanabonyeza haraka na kwa nguvu, na waliisoma hadithi kana kwamba wanapiga pasi.

Jambo moja lilitokea kwa wote. Kipanya cha kompyuta hakichagui kitu hadi ukielekeze, lakini kwa kidhibiti chaguo la kwanza huwa limekwisha kuwekewa alama. Vijana walikuwa wakibonyeza kupitisha maneno, menyu ya kanga ikatokea ghafla, na bonyezo lililofuata likachagua "Wema hauozi" kabla hawajaiona. Watano mfululizo walikwenda kupambana na jini wakiwa na uwezo wa kuchangamsha wali. Kijana mmoja aliniambia, "Bro, huyu binti wako anapika tu."

Tatizo la kuhama kutoka kibodi kwenda kidhibiti ni la zamani kama aina hii ya mchezo. Mchezo wa upelelezi wa 1983 wa Yuji Horii, mtunzi wa michezo wa Kijapani, uliwataka wachezaji wa kompyuta waandike amri kwa kibodi, na mwaka 1985 ulipohamishiwa Famicom, konsoli ya Nintendo ambayo kidhibiti chake kilikuwa na msalaba wa mwelekeo na vitufe viwili vya kutendea, amri hizo ziligeuzwa kuwa orodha ya kuchagua. Menyu tunazozitumia leo zinafanana na orodha hiyo. Sisi tumefanya mambo mawili: menyu inapofunguka vitufe havisikilizwi kwa theluthi moja ya sekunde, na hakuna kanga yenye alama hadi msomaji asogeze kijiti. Tuliporudi siku ya pili, hakuna aliyechagua kwa bahati mbaya.

Kitufe cha kukubali nacho kilituzungusha. Kwenye Nintendo, A iko kulia. Kwenye Xbox, A iko chini. Na kwenye PlayStation za Japani duara ndilo lililokuwa la kukubali hadi PlayStation 5 ilipokuja 2020 na kuufanya msalaba uwe wa kukubali kila mahali. Chumvi alikuwa na mstari unaosema "bonyeza A, usiogope". Sasa mstari huo huchota jina la kitufe kutoka kwenye konsoli inayotumika.

Wiki ya 9

Kiswahili hakimo katika lugha za mfumo wa Switch, kwa hiyo mchezo ulipouliza mashine lugha yake ulijibiwa Kiingereza na ukafunguka kwa Kiingereza, lugha ya tafsiri yetu. Ukurasa wa kwanza sasa unamwuliza msomaji mwenyewe, na Kiswahili kiko juu.

Tafsiri hiyo ina shida yake. Rafiki wa siri wa Mwanaidi, yule anayejifunika uso na kuacha vifuniko vya sufuria mlangoni, anatajwa katika sura nne bila kujulikana ni mwanamume au mwanamke, na Kiswahili hakikuhitaji jitihada yoyote: "alikuja, akaacha, akaondoka". Kiingereza kilitaka kujua mara moja. Mwandishi amezunguka kwa kumwita "mgeni" kila mahali, na imebidi mizaha miwili iachwe.

Wiki ya 10

Tuliwasilisha toleo la kwanza kwa ukaguzi wa watengenezaji wa konsoli, na limerudishwa. Sababu ni halali na ni yetu. Msomaji anaweza kuwasha hali ya kujiendesha, ambapo kurasa hupita zenyewe. Mkaguzi aliiwasha, akakata mawasiliano ya kidhibiti, na mchezo ukaendelea kusimulia kwa furaha bila mtu yeyote, hadi jini akanywa kahawa yake yote. Kidhibiti kikikatika, mchezo unapaswa kusimama na kumwambia mtu akiunganishe. Nilikuwa nimeweka usimamaji huo kwenye menyu zote, nikausahau kwenye hadithi yenyewe.

Toleo la pili lilirudishwa pia, kwa sababu ukoromaji wa Chumvi haukuzimika msomaji alipotoka kwenda ukurasa wa mwanzo wa konsoli. Mkaguzi aliandika kwa ufupi kwamba mtetemo unaendelea bila kikomo.

Wiki ya 11

Toleo la tatu limewasilishwa usiku wa Alhamisi, saa tano na robo. Wakati linapakiwa, niliacha kidhibiti mezani kando ya kikombe na kuianzisha sura ya kwanza mara ya mwisho ili nihakikishe mtetemo unasimama. Ulisimama. Kabla ya hapo ulikuwa umekisukuma kijiko cha chai hadi ukingoni mwa meza, na mwandishi wa hati ameomba tumwongezee Chumvi mstari mmoja kuhusu vitu vinavyoangushwa na paka. Nimemjibu kwamba mstari huo utaingia baada ya majibu ya ukaguzi, si kabla.